Kuonyesha Njia ni Amana



Nataka nikuulize jambo dogo. Ni mara ngapi katika maisha yako umesimamishwa na mtu usiyemjua akakuuliza njia? Bila ya shaka huwezi kuzihesabu. Na katika mara hizo zote, ni ngapi ulizopata habari baadaye kuwa yule mtu alifika au hakufika? Nadhani ni chache mno, au hapana hata moja. Ndivyo jambo hili lilivyo. Mtu huja, huuliza, huonyeshwa, akenda zake. Nasi tukarudi katika mazungumzo yetu tukiamini kuwa tumekwisha tenda wema. Mimi nilipata mara moja kujua yaliyomfika mtu niliyemwonyesha njia, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa mwaka 1984, hapa Unguja mjini, nami ni kijana wa miaka 19. Mimi na wenzangu tulikuwa na baraza yetu upande wa Malindi, si mbali na bandari, na kila baada ya chakula cha mchana tulikuwa tukikaa hapo kucheza karata mpaka Alasiri. Siku moja, yapata saa nane u nusu, meli ya Pemba imekwisha funga gati na abiria wameanza kutawanyika, akatokea mzee mmoja. Kanzu yake ilikuwa imekunjamana kwa safari, mkononi ana kikapu kidogo cha ukili, na alikuwa akitembea polepole huku akipapasa ukuta, kwani jicho moja lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho na la pili halikuwa zima. Akatoa salamu. Tukamwitikia, lakini wallahi hapana hata mmoja katika sisi aliyenyanyua uso kumtazama.

"Wanangu," alisema, "nnauliza msikiti wa Soko..."

Sikumwacha amalize. Nilikuwa na karata nzuri mkononi na zamu ilikuwa yangu. "Soko?" nikamkata. "Shika njia hiyo kubwa, mzee, mpaka Darajani. Ukishaliona soko, msikiti uko hapo hapo karibu. Hupotei." Nikamwonyesha kwa kidevu, maana mikono yangu ilikuwa na kazi.

Akasita kidogo, kama mtu aliyekuwa na neno la pili. Kisha akasema, "Ahsante, mwanangu, Mungu akulipe," akenda zake.

Sasa nikueleze wewe usiyeujua mji wetu. Mji Mkongwe si mkubwa. Mtu mwenye miguu mizima huukata toka upande mmoja hadi wa pili kwa muda usiofika nusu saa. Lakini vichochoro vyake ni vya kupinda na kupindana, nyumba zimebanana, kuta ni ndefu hata jua hulioni mpaka liwe utosini, na misikiti yake yakaribia hamsini. Tena majina ya mitaa yetu humfaa aliyezaliwa hapa kuliko mgeni. Darajani hapana daraja. Lilikuwapo zamani, maji ya bahari yalipokuwa yakiingia baina ya mji na Ng'ambo. Maji yakafukiwa, daraja likaondoka, jina likabaki. Mkunazini, mgeni akitaka kuuona mkunazi ndipo ajue kuwa amefika, atasimama mpaka usiku. Na Sokomuhogo, mtaa ulio ndani ya mji, lile soko la muhogo halipo tena, na soko kubwa la mji liko huko Darajani. Kwa hivyo mgeni akikwambia "Soko", hajakwambia kitu mpaka amalize neno lake.

Yule mzee alikuwa akitaka Sokomuhogo.

Nililijua hilo kabla ya mchezo kwisha. Mwenzetu mmoja alipita akatuambia kuwa kuna maiti Sokomuhogo, na atasaliwa baada ya Alasiri katika msikiti wa mtaa ule ule. Karata zikanilegea mkononi. Mgeni kutoka Pemba, katoka melini hana mzigo, anauliza msikiti! Nini tena kilichobaki kufahamu? Wakati ule, msomaji wangu, ilikuwa bado karibu saa nzima kabla ya sala. Kutoka barazani petu mpaka Darajani ni mwendo wa dakika kumi. Lau ningenyanyuka, ningempata. Sikunyanyuka. Niliiambia nafsi yangu, "Atauliza mtu mwengine, mji una watu." Nafsi ikaridhika upesi, kwani nafsi haikosi udhuru. Kosa la kwanza lilikuwa la ulimi, na ulimi huteleza. Hili la pili lilikuwa la moyo.

Usiku nilimhadithia mama. Nilitaraji atanigombeza, au aseme ni jambo dogo, na yote mawili ningeyapenda. Aliacha alichokuwa akifanya akaniuliza, "Alifika?"

Nikasema, "Sijui, mama."

Akasema, "Basi bado hujamwonyesha njia." Akaendelea na kazi yake.

Asubuhi, baada ya sala ya Alfajiri, nikenda Sokomuhogo kwenye nyumba yenye msiba. Nikamwona yule mzee amekaa kwenye jamvi peke yake, kikapu chake ubavuni. Wenye msiba walikuwa wamekesha, wengine wamelala, wengine wako katika harakati za kupokea watu. Mzee alikuwa akiuliza kama yuko kijana wa kumpeleka makaburini. Kabla hajajibiwa nikasema, "Mimi nitakupeleka, mzee wangu."

Nilimshika mkono tukatoka, tukapanda gari mpaka Mwanakwerekwe. Njiani hakusema mengi. Tulipofika tulilitafuta kaburi miongoni mwa makaburi mapya, mchanga wake haujakauka. Akaomba maji akatawadha, akaelekea kibla, akamsalia maiti pale kaburini, nami nikasimama nyuma yake. Wewe wajua kuwa sheria inamruhusu aliyekosa sala ya jeneza kuisali kaburini, na Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alifanya hivyo kwa mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wake, alipozikwa usiku bila ya yeye kujulishwa. Tulikuwa jamaa ya watu wawili, imamu na maamuma wake.

Alipomaliza alikaa chini akanieleza. Maiti alikuwa ndugu yake, mdogo wake khiari ya mama mmoja na baba mmoja. Hawakuonana kwa miaka sita. Aliletewa habari kuwa ni mgonjwa sana, akapanda meli. Aliposhuka tu bandarini mtu mmoja anayemjua akamwambia ndugu yake amekwisha fariki na kuwa atasaliwa Sokomuhogo baada ya Alasiri. "Nikauliza njia," alisema, "nikaonyeshwa Darajani. Nikaukuta msikiti, nikaingia, nikakaa safu ya mbele. Nikasema alhamdulillahi, nimewahi. Tukasali Alasiri. Nikangoja jeneza liletwe. Watu wakatoka wote, mimi nangoja. Mpaka akaja mtu kufunga milango, nikamwuliza maiti yuko wapi, akaniambia, 'Leo hapa hapana maiti, mzee.' Nilipofika Sokomuhogo jeneza lilikuwa limekwisha ondoka, na gari zimekwisha kwenda."

Nilikuwa nimeinama, nachora mchanga kwa kidole.

"Simlaumu kijana aliyenielekeza," alisema. "Labda hakunisikia vizuri. Sauti yangu nayo imekwisha."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Hapakuwa na mtu ila mimi na yeye na wale waliotangulia. Neno lilikuwa moja tu: "Ni mimi, nisamehe." Nililifikisha mpaka kooni nikalimeza. Nilimrudisha mjini, na jioni nikamsindikiza mpaka bandarini. Tulipoagana aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili akaniombea: "Mwenyezi Mungu akuongoze, mwanangu, kama ulivyoniongoza."

Mpaka leo sijui kama alinitambua kwa sauti. Na sijui alikuwa akiniombea uongofu wa namna ipi. Wa siku ile nilipomshika mkono, au wa jana yake nilipomwonyesha kwa kidevu. Dua ile imekaa nami umri wote. Wewe na mimi, katika sala tano za faradhi tunasali rakaa 17 kila siku, na katika kila rakaa tunasoma Fatiha, na katika kila Fatiha tunamwomba Mola wetu atuongoze njia iliyonyooka. Basi kila nifikapo hapo humkumbuka yule mzee. Vipi mtu ataomba kuongozwa mara 17 kwa siku, na yeye akiulizwa njia mara moja haoni tabu kupoteza?

Ndugu msomaji, usilidharau jambo hili kwa udogo wake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kumwonyesha mtu njia ni sadaka. Na katika mapokezi ya Tirmidhi kutoka kwa Abu Dharri (R.A.), aliihesabu sadaka hiyo pamoja na kutabasamu mbele ya ndugu yako, kuwa macho ya yule asiyeona vizuri, na kuondoa jiwe, mwiba na mfupa njiani. Tazama yalivyopangwa pamoja: aliyepotea na mwenye macho mabovu. Mzee wangu alikuwa yote mawili.

Na sisi watu wa mwambao, tunaopenda baraza, tuna hadithi yetu mahsusi. Masahaba walipokatazwa kukaa mabarazani njiani, walisema kuwa hawana budi nako, kwani ndiko wanakozungumza. Mtume (S.A.W.) akawaruhusu kwa sharti ya kuipa njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu, na katika mapokezi ya Abu Daud imeongezwa kumwongoza apitaye njia. Maana yake ni kuwa kibaraza si chetu bure. Kina kodi, na kodi yenyewe ni mgeni anayepotea. Siku ile sisi vijana wanne tulikaa bila ya kulipa.

Kumbuka pia safari ya Hijra, mwaka 622. Mtume (S.A.W.) na Sayyidna Abubakar (R.A.) walipotaka kutoka Makka walimwajiri mwongozi jina lake Abdallah bin Urayqit, mtu hodari wa njia za jangwani, na wakati ule hakuwa Mwislamu. Walimkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana naye akutane nao baada ya siku tatu katika pango la Thaur. Makureshi walikuwa wametangaza zawadi ya ngamia 100 kwa atakayemleta Mtume (S.A.W.). Neno moja la mtu yule lingemtajirisha. Alikuja siku aliyoahidi, akawapitisha njia ya upande wa pwani, akawafikisha. Hapa tuna mafunzo mawili. La kwanza, kuonyesha njia ni amana kama amana ya mali, kwani aliyepotea amekukabidhi miguu yake, na wakati wake, na wakati mwengine roho yake. La pili, ikiwa mtu asiyekuwa wa dini yetu aliitunza amana ya Mtume wetu, haifai sisi kumchagua wa kumwongoza kwa dini yake, au kabila lake, au nguo alizovaa. Qurani tukufu imemtaja msafiri katika watu wa kusaidiwa, na katika mafungu manane ya zaka ana fungu lake.

Na sasa nikutajie niliyojifunza kwa hasara yangu, ili wewe ujifunze bila ya hasara.

Kwanza, msikilize muulizaji mpaka mwisho, kisha mrejelee alilosema: "Umesema Sokomuhogo?" Neno hilo moja lingetosha. Mgeni hana hakika na majina, na mwenyeji ana pupa ya kujibu. Baina ya hayo mawili ndipo mtu anapopotea.

Pili, muulize anakwenda kufanya nini, ikiwa si jambo la siri. Anayekwenda kununua samaki akipotea atanunua kesho. Anayekwenda hospitali, au kwenye maziko, au kuwahi chombo, hana kesho.

Tatu, ikiwa hujui, sema sijui. Neno hili halimpunguzii mtu heshima. Imamu Malik, imamu wa Madina, aliyefariki mwaka 179 wa Hijria, imesimuliwa kuwa siku moja aliulizwa masuala 48, na 32 katika hayo alijibu kuwa hajui. Ikiwa bahari ya elimu kama ile haikuona haya kusema sijui katika dini ya Mungu, sisi tunaona haya gani katika habari za vichochoro? Wengi wetu humwelekeza mgeni tusikokujua kwa kuchelea kuonekana si wenyeji. Huo si ukarimu, ni kiburi kilichovaa kanzu ya ukarimu.

Nne, mwonyeshe kwa alama atakazoziona yeye, siyo zile unazozikumbuka wewe. Usimwambie apinde penye duka lililofungwa miaka kumi iliyopita, wala palipokuwa na mti. Na usimpe mapindo sita kwa mpigo. Mpe mawili, kisha mwambie aulize tena hapo.

Tano, ukiweza, nyanyuka. Mzee, mgonjwa, asiyeona vizuri na mtoto hawaonyeshwi njia, hupelekwa. Na ukimpeleka mwanamke asiyekuwa maharimu wako, tangulia wewe yeye afuate. Katika tafsiri za Qurani imesimuliwa kuwa Nabii Musa (A.S.) alipoitwa na mzee wa Madyan, alitangulia mbele na yule binti akamwelekeza kwa nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni, na adabu yake haikupotea.

Sita, na hili ndilo lililonishinda mimi: ukitambua kuwa umekosea, mfuate. Usiseme atauliza mwengine. Huyo mwengine naye huenda yuko barazani na karata nzuri mkononi.

Utaniambia kuwa haya ni ya zamani, siku hizi kila mtu ana simu inayomwonyesha njia mpaka mlangoni. Ni kweli, na ni neema. Lakini kaa barazani uone. Bado wanatokea, simu mkononi, wanageuka huku na huku penye njia panda ya vichochoro, na mwisho wake hunyanyua uso wakamtafuta mtu. Tena wazee wetu wengi wanaoletwa mjini kwa matibabu hawana simu hizo, au wanazo na herufi zake hawazioni. Na simu haimwitikii mtu salamu, wala haimshiki mkono anayepapasa ukuta.

Mama yangu amekwisha tangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, lakini swali lake nimelirithi. Kila nimwonyeshapo mtu njia, na akenda zake, hujiuliza, "Alifika?" Na nikiona moyo hauna jibu, hunyanyuka nikamfuata. Wenzangu hunicheka. Wanaona nimezeeka.

Limebaki moja. Wanavyuoni wametufunza kuwa dhambi baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba, lakini haki ya mja haitoki mpaka mwenyewe asamehe. Mimi sikumwuliza yule mzee jina lake wala kijiji chake. Haya ilinizuia kumwuliza lolote. Nilipokuja kupata ujasiri wa kumtafuta, ile nyumba ya Sokomuhogo ilikuwa imehamwa na majirani wapya hawakuwa na habari. Kwa umri aliokuwa nao siku ile, bila ya shaka naye amekwisha mfuata ndugu yake. Nimekuwa nikimtolea sadaka na kumsomea.

Basi ikiwa wewe unayesoma haya uko Pemba, au jamaa zako ni wa huko, na uliwahi kumsikia babu yako au baba yako akihadithia kuwa alikwenda Unguja kumzika ndugu yake, akaonyeshwa njia siyo, akangoja jeneza katika msikiti ambao halikuletwa, mjue kuwa kijana yule ni mimi. Hakuwa na udhaifu wa sauti mzee wako. Nilimsikia, ila sikumsikiliza. Nakuomba unisamehe kwa niaba yake.

Ewe Mola wetu, warehemu walioko makaburini Mwanakwerekwe na makaburini kote. Tujaalie kuwa waongozi wema kwa wanaopotea katika mitaa yetu, na utuongoze sisi siku tutakayokuwa wageni, hatujui njia, wala hapana wa kumwuliza ila Wewe. Amin.